Kisima Namba 4

Kwa miezi saba kisima namba 4 kilituambia kwamba maji ni safi, nasi tukaamini. Mara tatu nilichota sampuli, na mara tatu maabara ikarudisha karatasi zenye viwango vya mafuta vidogo kiasi kwamba mashine yenyewe ilikuwa karibu kushindwa kuviona. Kiangazi kilipokolea nilishusha utepe wa kupimia kama kawaida, ukalia mlio mrefu usiokatika. Utepe ule una milio miwili: wa kukatika-katika ukikuta maji, wa mfululizo ukikuta mafuta. Niliupandisha, nikafuta ncha, nikaushusha tena. Mlio ulianza mita 6.10 na ukabadilika mita 6.41. Sentimita 31 za mafuta, ndani ya kisima nilichokuwa nimekiandika kwenye ripoti kuwa ushahidi kwamba mafuta hayajafika upande ule.

Kazi yangu ni kuchunguza ardhi ya viwanda: kutafuta mafuta yaliyovuja yamekwenda wapi, kiasi gani, na yanamwelekea nani. Eneo hili lilikuwa kiwanda cha zamani chenye karakana, jenereta mbili kubwa na matangi matatu ya dizeli yaliyosimama juu ya ardhi. Tuliitwa kwa sababu familia moja iliyo nje ya uzio ilikuwa imeanza kusikia harufu kwenye maji ya kisima chake. Kisima namba 4 tulikichimba katikati ya matangi na nyumba hiyo, mahali ambapo mafuta yangelazimika kupita kama yangekuwa safarini.

Kosa lilikuwa langu. Siku ya kuchimba, keekee ilipita kwenye udongo mzito wa mfinyanzi uliochanganyika na mchanga laini, na hatukuona maji ya maana mpaka mita 6. Ilikuwa jioni, wafanyakazi wamechoka, na mashine ilitakiwa kwingine kesho yake. Nikaamua: bomba lisilo na matundu hadi mita 6, na kutoka hapo kwenda chini bomba lenye matundu. Asubuhi maji yalikuwa yamepanda hadi mita 4.5. Mfinyanzi huachia maji polepole. Shimo linaweza kuonekana kavu kwa saa nzima huku maji yakiwa njiani. Na mafuta huelea. Kwa hiyo yalikuwa yameketi pale mita 4.5, nje ya bomba lisilo na tundu hata moja, nasi tukivuta maji kutoka mita moja na nusu chini yake na kuyapeleka maabara kwa uangalifu mkubwa. Nilijua kanuni. Matundu yanatakiwa kuanzia juu ya kimo cha maji wakati wa masika na kuishia chini ya kimo cha kiangazi, ili chochote kinachoelea kiwe na mlango wa kuingilia. Nilikuwa nimewafundisha vijana wawili kanuni hiyo hiyo. Lakini sikusubiri usiku mmoja.

Maabara haikukosea kitu. Iliulizwa kuhusu maji yaliyomo kwenye chupa, ikajibu kuhusu maji yaliyomo kwenye chupa. Watu wengi wanaosoma ripoti zetu, wakiwemo wanaoamua kama familia iendelee kunywa maji au la, huangalia jedwali la namba na kuruka kurasa zinazoeleza jinsi visima vilivyojengwa. Mimi sasa naanza na kurasa hizo. Namba inayotoka kwenye kisima kilichojengwa vibaya ni mbaya kuliko kukosa namba, kwa sababu aliyekosa namba bado ana wasiwasi, na wasiwasi humfanya aendelee kutafuta.

Mafuta yakivuja hushuka kwa uzito wake kupitia nafasi zilizo kati ya chembe za udongo, yakiacha sehemu yake imenata kila yanapopita. Yakifika kwenye maji hayawezi kuzama: petroli ina uzito wa takriban robo tatu ya maji ya ujazo uleule, na dizeli kama asilimia 84. Basi hutandaa. Lakini maji ya ardhini hayakai mahali pamoja. Yanapanda masika, yanashuka kiangazi, na kila yanapokwenda huyabeba mafuta na kuyapaka kwenye udongo juu na chini, hata ukanda wa mita mbili ukawa umeloa. Maji yakipanda, matone hunaswa katikati ya chembe, yamezungukwa na maji, hayaendi popote. Yakishuka, matone yale huachiwa, hukusanyika, hutiririka kuingia kwenye shimo lolote lililo karibu. Ndiyo maana kiangazi kilipovuta maji chini ya mita 6, ambapo matundu yetu yalianzia, kisima namba 4 kikajaa mafuta yaliyokuwa pale muda wote.

Meneja wa kiwanda alipopata habari alishika kalamu, akazidisha sentimita 31 kwa eneo zima kati ya matangi na uzio, akapata kiasi kilichomfanya akae chini. Ilibidi nimweleze kwamba hesabu haiendi hivyo. Kisima ni shimo tupu. Mafuta yanayojipenyeza kwenye vinyweleo vya udongo hujikusanya humo kwa unene ambao hayana kule yalikotoka. Kwenye udongo wa chembe ndogo, kisima kinaweza kuwa na nusu mita ya mafuta na ukichota uyatoe yote, urudi baada ya wiki ukute kidogo tu. Tulifanya hivyo hivyo: tukachota, tukapima kila saa, kisha kila siku, tukaandika yanavyorudi. Kasi ya kurudi ilitufundisha mengi kuliko unene wenyewe. Yalirudi polepole sana, na nikajua kwamba kuweka pampu tu na kusubiri hakutatosha.

Kuna jambo jingine ambalo unene ule ulitaka kutuharibia. Ili kujua maji yanaelekea wapi unahitaji angalau visima vitatu visivyo kwenye mstari mmoja. Unapima kimo cha maji katika kila kimoja ukilinganisha na alama moja iliyopimwa kwa darubini ya mpima ardhi, na unachora mteremko. Msaidizi wangu alichora ramani kwa kutumia 6.41, ikaonyesha maji ya pande zote yakikimbilia kisima namba 4 kana kwamba pale kuna bonde. Hakukuwa na bonde. Mafuta yaliyo juu yanayakandamiza maji ndani ya kisima. Ukichukua sentimita 31 ukazidisha kwa 0.84, unapata sentimita 26 za kurudisha, na kimo cha kweli kinakuwa mita 6.15. Tulipochora upya, bonde likatoweka, na mishale ikageuka yote kuelekea kwenye uzio, kuelekea kwenye ile nyumba.

Nilikuwa na hakika kwamba tunashughulika na dizeli ya yale matangi matatu. Lakini majibu ya kisima cha jirani yalikuwa na benzini, na benzini haikukaa vizuri na hadithi hiyo. Kwa asiyejua, benzini siyo petroli. Ni kemikali mojawapo iliyomo ndani ya petroli, inayosababisha saratani ya damu, na inayoyeyuka kwenye maji kwa urahisi kuliko nyingi za wenzake. Dizeli ina benzini kidogo sana. Tukapeleka maabara mafuta yenyewe kutoka kisima namba 4. Mashine huyatenganisha kulingana na wepesi wa kila sehemu na kutoa mchoro wenye vilele. Petroli hujaza upande wa mwanzo, dizeli hufanya kilima katikati, vilainishi huja mwishoni kama mgongo mpana. Mchoro wetu ulikuwa na kilima cha dizeli, na mbele yake vilele vilivyochakaa vya petroli. Nikaomba wapime pia risasi, metali iliyokuwa ikichanganywa kwenye petroli zamani. Ilikuwemo. Risasi haimo katika petroli inayouzwa leo kwenye vituo vya mafuta. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuuza petroli ya magari yenye risasi, Algeria, iliacha mwaka 2021, na nyingine nyingi ziliacha miaka mingi kabla. Kwa hiyo mafuta yale yalikuwa ya zamani, na ya aina ambayo, kwa mujibu wa kila karatasi tuliyopewa, kiwanda hakijawahi kuhifadhi.

Hapo ndipo nilipofanya kile nilichopaswa kufanya wiki ya kwanza. Niliomba kuonana na watu waliofanya kazi pale zamani. Wakanielekeza kwa mlinzi mstaafu. Nilimkuta ameketi kivulini, nikamwonyesha ramani ya eneo.

"Mzee, hapa palikuwa na nini kabla ya karakana?"

Akaweka kidole kwenye kona ya jengo bila kusita. "Hapa kulikuwa na pampu, mwanangu. Ya magari ya ofisi. Walipojenga karakana wakaing'oa."

"Na tangi lake?"

"Tangi lilikuwa chini. La kulitoa la nini? Walimwaga zege juu."

Tulipita juu ya ile sakafu na kifaa cha kuhisi chuma. Tangi lilikuwepo, chini ya mahali mafundi wanapoegesha magari kila siku. Lilipofunuliwa, baada ya kupima mvuke na kuuondoa kwanza kwa sababu mvuke wa petroli unaweza kulipuka ukifikia takriban asilimia 1.4 tu ya hewa, tuliona tundu moja kwenye sakafu yake, la mviringo, upana wa kidole gumba, wima chini ya bomba la kujazia. Fundi mzee aliyekuwa nasi alilitambua mara moja. Kila mara mtu alipotaka kujua mafuta yamebaki kiasi gani, aliteremsha fimbo ya kupimia ikagonga palepale. Asubuhi na jioni, miaka na miaka, ncha ya fimbo ikikwangua chuma mpaka kutu ikamalizia. Matangi ya baadaye huwekewa kibati kizito mahali hapo kwa sababu hiyo. Nimeona mivujo mingi ya viungo vya bomba na ya kujaza kupita kiasi, lakini tundu lile lilinikaa moyoni. Aliyelitoboa alikuwa mtu mwangalifu, anayepima.

Kiasi kilichotoka hapo hakuna atakayekijua. Naweza kueleza tu jinsi kidogo kinavyokuwa kingi. Tone moja kila sekunde ni zaidi ya lita 4 kwa siku, zaidi ya lita 1,500 kwa mwaka, na hakuna mhasibu atakayeliona pengo hilo kwenye tangi linalojazwa na kutumika kila wiki. Sasa chukua lita moja tu ya petroli yenye asilimia 1 ya benzini. Ndani yake mna gramu 7 na ushei. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 za benzini kwa lita. Ili gramu hizo zishuke hadi hapo unahitaji lita 740,000 za maji. Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi nikitumaini nimeweka sifuri ya ziada. Sijaweka.

Baada ya hapo kazi ikabadilika sura. Tulichimba mashimo ya udongo kuanzia tangi kwenda nje, tukitoa kila nusu mita, tukiweka udongo kwenye mfuko uliofungwa, tukiuacha utoe mvuke kisha tukiuchoma kwa sindano ya kifaa cha kupima mvuke. Vijana wanaoanza kazi hii hupenda kunusa udongo. Nawakataza kwa ukali, maana pua huchoka baada ya dakika chache na hicho unachokinusa ndicho kinachoua. Kifaa kilituonyesha karibu hakuna kitu mita 2 za juu mbali na tangi, halafu kikaruka ghafla kati ya mita 4 na 6.5, ule ukanda ambao maji hupanda na kushuka. Udongo wenyewe ulikuwa umebadilika rangi, kutoka wekundu wa kutu kuwa kijivu cha kijani. Mtu akikuonyesha shimo la mita 3 akakwambia eneo ni safi, mwulize maji yako mita ngapi.

Kisima namba 4 tulikijaza saruji na bentonaiti, aina ya mfinyanzi unaovimba ukilowa, kwa sababu kisima kibaya kikiachwa huwa njia ya kupeleka uchafu chini zaidi. Kando yake tukachimba kingine, matundu kuanzia mita 3.5 hadi 8.

Kuchukua sampuli ya maji yenye benzini kunahitaji utulivu ambao sikuzaliwa nao. Pampu inavuta polepole, chini ya nusu lita kwa dakika, mpaka asidi, chumvi na oksijeni ya maji vikome kubadilika. Vichupa ni vya mililita 40, vina tindikali kidogo ndani ya kuzuia bakteria wasile ushahidi njiani, na vinajazwa mpaka maji yabenuke mdomoni kabla ya kufunikwa. Unakigeuza kichwa chini na kukigonga. Ukiona kiputo kimoja, unamwaga na kuanza upya, kwa kuwa benzini itakimbilia kwenye hewa hiyo. Kisha barafu. Pamoja navyo husafiri kichupa cha maji safi kilichofunguliwa na kufungwa palepale kazini. Safari moja kichupa hicho kilirudi na tolueni, kemikali nyingine ya petroli. Jenereta yetu ya petroli ilikuwa upande upepo unakotokea. Tulirudia siku nzima ya kazi, na sijutii.

Katika majibu ya mara hiyo niliangalia kwanza vitu ambavyo si mafuta. Ndani ya ardhi wamo bakteria wanaokula mafuta, na wanapokula hutumia oksijeni. Ikiisha hugeukia naitreti iliyoyeyuka kwenye maji, halafu chuma kilichomo kwenye udongo, halafu salfeti, chumvi nyingine ya majini, na mwisho hubaki wale wanaotoa gesi ya methani. Kwa hiyo maji yaliyo katikati ya uchafu huwa hayana oksijeni, yana chuma kingi kilichoyeyuka, salfeti imekwisha, na yananuka yai viza. Visima vyetu vya karibu na tangi vilikuwa hivyo hivyo. Cha mbali zaidi kilikuwa na chuma lakini salfeti ilikuwa bado haijaisha. Ramani ya salfeti ilituonyesha umbo la uchafu vizuri kuliko ramani ya benzini.

Ninachojua kuhusu viumbe hao kimetoka kwa sehemu kubwa mahali pamoja: karibu na mji wa Bemidji, jimbo la Minnesota, Marekani, ambako bomba la mafuta ghafi lilipasuka tarehe 20 Agosti 1979 na kumwaga takriban lita milioni 1.7. Baada ya kusafisha, lita kama 400,000 zilibaki ardhini, na tangu 1983 wanasayansi wamekuwa wakirudi kupima kilichobaki. Waligundua kwamba uchafu ulioyeyuka ulisafiri kwa umbali mdogo kuliko maji yenyewe, kwa kuwa bakteria walikuwa wakiula njiani. Lakini mafuta bado yapo. Ninapomsikia mtu akisema tuiache asili ifanye kazi, huwa namkubalia nusu. Asili inafanya kazi, ila kwa saa yake yenyewe, na hiyo haimsubiri mtu mwenye kisima mita 60 kutoka kwenye tangi.

Kasi ya maji hupatikana kwa kanuni ambayo Mfaransa Henry Darcy aliichapisha mwaka 1856 baada ya kupitisha maji kwenye mapipa ya mchanga. Kwetu, tabaka la mchanga lililo chini ya mfinyanzi lilitoa kama sentimita 10 kwa siku. Hiyo ni mita 36 kwa mwaka. Kinyonga angeyapita. Lakini miaka miwili inatosha kufika kwa jirani, na tangi lilikuwa limefukiwa kwa muda mrefu zaidi ya huo.

Nilikuwa na ripoti ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2011 kuhusu Ogoniland, Nigeria, mezani wiki ile. Pale Nisisioken Ogale watafiti walikuta watu wakinywa maji ya visima yenye benzini zaidi ya mara 900 ya mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, na sentimita 8 za mafuta yaliyosafishwa zikielea juu ya maji ya ardhini. Ili kuyajua hayo walichimba visima 142 vya uchunguzi. Kwetu mambo hayakuwa makubwa hivyo. Kisima cha jirani kilikuwa na mikrogramu 46.

Nilikwenda mwenyewe kumweleza mama wa nyumba ile. Nikamwambia namba, maana yake, na kwamba asitumie tena maji yale hata kuogea, kwa sababu benzini huruka kutoka kwenye maji ya moto na kuingia mapafuni. Nikamwambia pia kuhusu kisima namba 4: kwamba miezi saba nyuma nilikuwa na nafasi ya kujua, na sikujua, na sababu yake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na watoto waliokunywa?"

Nikamjibu kwamba mimi napima maji, na kwamba watoto wanahitaji daktari atakayeziona karatasi hizi. Nimemtolea nakala, na kiwanda kimekubali kwa maandishi kulipia vipimo. Alizipokea, akazihesabu kurasa, akaniuliza ni ipi yenye namba yake. Nikamwonyesha, nikaipigia mstari.

Jioni ile tulichimba kisima namba 11 kati ya uzio na nyumba yake. Keekee ilipata maji mita 6.3. Tukateremsha bomba la muda ili shimo lisibomoke, tukalifunika, tukalala kwenye gari. Saa kumi na mbili asubuhi maji yalikuwa mita 5.2 na yangali yakipanda. Tukasubiri.